Moshi wa Mara Sita

Nilisafiri kwenda Modogashe kwa sababu nilikuwa nimemwandikia mtu ninayempenda jambo lisilo la kweli, tena nikaligonga muhuri.

Sikukusudia kudanganya. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kazi yangu hapa Nairobi ni kukuza seli ndani ya sahani za plastiki zenye vishimo vidogo vidogo, kisha kupima kama ziko hai. Ukitaka kujua kitu fulani kina sumu au hakina, unazitilia seli kiasi kidogo cha kitu hicho, unangoja siku moja, halafu unaongeza dawa ya rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza dawa hiyo ikawa ya zambarau. Iliyokufa haiwezi, na manjano hubaki manjano. Basi sisi husoma rangi tu: zambarau ikikolea, uhai ni mwingi. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka tisa na naweza kuifanya huku nikiwaza nitapika nini jioni.

Mwaka huu tuliletewa kazi ya maziwa ya ngamia kutoka kaskazini mashariki. Kina mama wanaouza maziwa huko hufukiza vyombo vyao kwa moshi wa vijiti kabla ya kutia maziwa, ili yasichachuke njiani, maana barafu hakuna na jua ni lile mnalolijua. Mnunuzi mmoja mkubwa alikuwa ameanza kusema kwamba moshi huo ni sumu, na kwamba maziwa yakinuka moshi hatayachukua. Tukaombwa tuseme kama ni kweli. Tulitumia seli za utumbo wa binadamu, kwa kuwa maziwa huishia tumboni.

Sampuli ya tatu ilitoka Modogashe. Nilipofungua kizibo, kabla sijasoma jina lililoandikwa juu yake, nilijua. Harufu ile ilinipiga kifuani nikalazimika kuketi kwenye kiti cha mwenzangu.

Nilipelekwa Modogashe nikiwa na miaka mitano. Mama alikuwa amefariki Kitui, na baba, ambaye alikuwa mwalimu, akapewa uhamisho akaenda nami. Jirani yetu alikuwa mama wa Kisomali, Halima, muuza maziwa. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, naye kwa desturi ya kwao akanirudishia jina lile lile: mimi namwita habaryar, yeye ananiita habaryar. Kila alasiri baba akisahihisha madaftari, mimi nilikuwa kwake nikinywa maziwa yenye harufu ya moshi. Nilipofika miaka kumi na mitatu baba akahamishwa tena, na sikurudi. Sasa baba naye hayupo. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayekumbuka nilikuwa mtoto wa namna gani, na jina lake ndilo lililokuwa kwenye kile kichupa.

Nikapima. Zambarau ikatoka imekolea kama biringanya. Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu wa kazi yangu kufurahi. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi nilikula mbichi kabisa: kuna vishimo ambavyo hutengwa bila seli hata moja, maziwa na dawa tu, ili kuhakikisha dawa haigeuki rangi yenyewe. Siku hiyo sikuvitenga. Sahani ilikuwa imejaa, nami nilikuwa na haraka ya kupata jibu nililokuwa nalitaka. Nikatafuta namba ya simu ya Habaryar, nikampigia, nikamsikia akicheka kicheko kile kile cha miaka ishirini na miwili iliyopita. Siku iliyofuata nikamwandikia barua yenye muhuri wa maabara, bila kumngoja mkuu wangu aisome: moshi wako hauna neno.

Wiki tatu baadaye umeme ulikatika Jumamosi usiku kucha na Jumapili yote, na jenereta ikagoma. Jumatatu nilitazama sahani zangu za kurudia kipimo kwa hadubini nikakuta seli zote zimekufa, zimepasuka, zinaelea. Nikatia dawa ya manjano hivyo hivyo, kwa hasira tu. Baada ya saa tatu vishimo vyote vilikuwa vya manjano, isipokuwa vile vyenye maziwa ya Modogashe. Hivyo vilikuwa vya zambarau. Hakukuwa na kiumbe hai ndani yake, na rangi ilikuwa inaniambia kwamba wote ni wazima.

Ulikuwa ni moshi. Moshi wenyewe ndio uliokuwa ukiigeuza dawa, seli ziwepo zisiwepo. Nilichokiita uhai kilikuwa masizi.

Mkuu wangu alisema niandike barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Nikamwambia barua ndiyo iliyoleta balaa, nipe siku tano niende mwenyewe. Akanipa.

Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, basi lilitoka Eastleigh nikiwa kiti cha dirishani na sanduku la barafu miguuni. Ndani yake kulikuwa na vichupa vitupu, dawa ya manjano iliyofungwa kwa karatasi isipigwe na mwanga, na chapati mbili. Najua chakula hakikai na dawa za maabara. Zilikuwa zimefungwa kando kando, na ninawaomba wenzangu msiniripoti.

Saa nne tulisimama Mwingi. Hapo ni karibu na kwetu, watu wananunua embe kwa Kikamba, na mzee mmoja aliniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, akauliza nina nani huko. Nikasema mama mdogo. Akanitazama usoni, akatazama mdomo wangu uliotoka kumsalimia kwa Kikamba safi, akaamua kutouliza zaidi.

Baada ya Ukasi hewa hubadilika. Vilima vinaisha, miti inapungua kimo, na upepo unaoingia dirishani unakuwa kama umefunua sufuria. Abiria walianza kulala. Mimi sikulala. Nilikuwa nimejiambia kwa miaka mingi kwamba sikumbuki njia hii, lakini kila kona ilipokuja niliijua kabla haijafika, na kila nilipoijua niliumia kidogo. Sikutegemea kuumia. Nilidhani hamu ya mahali huisha ukikaribia, kumbe ndiyo huongezeka.

Saa nane mchana, kwenye kizuizi cha kabla ya daraja la Tana, tulishushwa wote tukakaguliwa vitambulisho. Changu kilitazamwa mara moja. Cha dada aliyekaa nami, Msomali mwenye mtoto mgongoni, kiligeuzwageuzwa mpaka mtoto akalia. Alipopanda tena alikunja kitambulisho ndani ya leso. Kisha tukavuka mto, maji ya rangi ya chai ya maziwa, tukaingia Garissa.

Abdi alinipokea kwenye maabara ndogo anayofanyia kazi. Ni mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na ndiye anayekusanya sampuli na kututumia. Tulikuwa tunajuana kwa simu tu.

"Bole na safari," alisema, p ikimtoka b kama kwa Wasomali wengi. "Keti hapa, feni iko hapa. Hapo kwingine utaiva."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Kwa hiyo ile ya zambarau ilikuwa bure."

"Bure kabisa."

"Lakini wewe hujui kama moshi ni mbaya."

"Sijui kama ni mbaya, sijui kama ni mzuri. Kipimo changu hakikupima."

Abdi akaweka kikombe chini. Ndipo aliponiambia nililokuwa sijalijua. Yule mnunuzi angekutana na kina mama wa Modogashe Alhamisi ile. Yeye anataka wamletee maziwa ya mikebe ya alumini isiyo na moshi, nao bila barafu hawawezi kuyafikisha Garissa kabla hayajachachuka, sembuse Nairobi. Ngao yao pekee ni barua yangu. Wameitia kwenye plastiki wakaitundika pale wanapopakia maziwa.

"Huyo Halima anaionyesha kila mtu," Abdi alisema. "Anasema mtoto yangu wa Nairobi ameandika. Sasa wewe unakwenda kumvua nguo mbele ya watu."

Akanionea huruma, akasema ninaweza kurudi Nairobi kesho na kwamba yeye mwenyewe atampigia Halima simu. Nilikataa, lakini nikiri hapa kwamba sikukataa upesi.

Jumanne niliitumia kumngoja dereva wa pikapu ya maziwa, ambaye huja na mitungi iliyojaa asubuhi na kurudi na mitupu. Siku hiyo gari lake lilikuwa gereji. Nikazunguka sokoni. Kwenye safu ya maziwa kina mama walikuwa wamepanga mitungi yao ya plastiki, na mmoja alipojua ninatafuta ya Modogashe alinimiminia kikombe. Harufu ikanifikia. Koo langu lilifanya kazi ya kumeza kabla sijakubali chochote. Lakini nikamrudishia. Nilikuwa nimengoja miaka ishirini na miwili na nilitaka mkono wa kwanza uwe wake. Mama yule alidhani nimeona uchafu, akanuna, na alikuwa na haki.

Jumatano saa nane mchana tuliondoka na Bashir, dereva, mitungi ikigongana nyuma. Barabara ni ya lami sasa. Nilipoondoka mara ya mwisho ilikuwa mchanga, na lori letu lilikwama mara tatu, na baba akawa anasukuma amevaa tai. Nilimsimulia Bashir. Alicheka sana, kisha akauliza, "Huyo mwalimu alikuwa Musyoka? Mfupi? Alimchaba kaka yangu kiboko moja tu, lakini mpaka leo anaongea." Nikageukia dirisha. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine barabarani hapa anayejua baba alikuwa mfupi.

Saa kumi na moja kasoro tukaingia Modogashe. Malori yalikuwa yamejipanga kwenye makutano, mengine yakielekea Isiolo, mengine Wajir, na mbuzi wamejilaza kwenye vivuli vya magurudumu. Shule niliyosoma imepakwa rangi nyingine. Nyumba yetu haipo, pamejengwa duka la mabati. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha nikasikia jina langu likiitwa, Mwikali, na sauti ilikuwa ileile.

Habaryar Halima amekuwa mdogo. Zamani kichwa changu kilifika kiunoni mwake, sasa kilemba chake kinanifika kidevuni. Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono migumu inayonuka moshi, akanigeuza huku na huku.

"Nabad? Nabad miyaa, habaryar? Umekuwa refu. Baba yako alikuwa fubi."

"Nabad, habaryar."

Nililia, sitaficha. Yeye hakulia. Alinivuta mpaka kwenye kibanda cha mabati wanapopakia maziwa, na hapo juu ya nguzo nikaiona barua yangu ndani ya plastiki, muhuri wake wa buluu ukionekana vizuri. Binti yake wa mwisho, Ifrah, aliyesoma chuo Nairobi na ndiye huwaandikia kina mama barua zao, alinisalimia akacheka: "Kumbe ndio wewe auntie wa barua. Umekuwa celeb huku."

Habaryar alikuwa tayari ameinamisha mtungi. Maziwa yakajaa kikombe cha bati mpaka povu likapanda ukingoni. Akaninyoshea.

Nikakipokea. Nilikuwa nacho mkononi, karibu na mdomo, na nilifikiri: kunywa kwanza. Kunywa, kisha sema. Dakika mbili zitamdhuru nani? Nadhani sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kikombe kile. Lakini mficha uchi hazai, na nilijua kwamba nikinywa kwanza nitakuwa nimekula kwa barua ile. Nikakiweka juu ya meza.

"Habaryar, barua yangu si kweli."

Nilisema kila kitu, Ifrah akitafsiri pale Kiswahili kilipomshinda mama yake. Nilisema juu ya rangi, juu ya vishimo nilivyoviruka, juu ya seli zilizokufa zikaonekana hai. Nilisema kwamba huenda moshi ni mzuri na huenda si mzuri, na kwamba aliyekosa ni mimi peke yangu.

Nikaanza kurudia maneno. Habaryar akanyosha kiganja ninyamaze.

"Kwa nini hukuweka hiyo moja ambayo haina kitu ndani?"

"Nilitaka iwe nzuri."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu. Nilitaka maziwa uliyoninywesha yawe mazuri."

Akachukua kikombe mezani. Nilidhani ananirudishia. Akayamimina maziwa taratibu ndani ya mtungi mpaka tone la mwisho, akaufunga kifuniko.

"Hii sitakuba," alisema. "Watoto yangu wote walikunywa na mimi sikuuliza, kwa sababu mama yangu alinipa na yeye hakuuliza. Lakini wewe umekuja kutoka mbali kuniambia haijulikani. Sasa mimi nitakubaje kitu haijulikani?"

Ifrah alitaka kusema neno, mama yake akamkata kwa Kisomali. Nililetewa chai ya rangi, tamu sana, na hiliki nyingi, na hapakuwa na tone la maziwa ndani yake. Tangu hapo mpaka tulipolala aliniita daktari.

Alhamisi asubuhi kina mama kumi na wawili walikusanyika kibandani. Sikuwaeleza kwa maneno matupu. Nilimwomba mmoja anipe mtungi uliofukizwa, usiotiwa maziwa bado. Nikatia maji safi ya chupa, nikayasukasuka, nikamimina kidogo kwenye kichupa. Kichupa cha pili nikatia maji yale yale kutoka kwenye chupa yenyewe. Kisha nikatia dawa ya manjano kwenye vyote viwili, na tukangoja. Walinong'ona, wakanywa chai, mmoja akasinzia. Jua lilipopanda, kichupa cha kwanza kilianza kuingia wekundu, kisha zambarau. Cha pili kilibaki kama kilivyokuwa.

"Hakuna maziwa hapa," nikasema. "Hakuna kitu hai. Lakini tazameni."

Mama mmoja mzito mwenye miwani alishika kichupa akakiinua kwenye mwanga. "Kwa hiyo hii dawa inashuhudia kitu haikuona," alisema, na wenzake wakaguna.

Habaryar hakuguna. Aliinuka, akapanda juu ya kreti, akafungua waya wa nguzo mwenyewe. Barua akanipa mkononi ikiwa bado ndani ya plastiki. Kisha akampigia simu mnunuzi, mbele yetu sote, sauti ikiwa ya kawaida kabisa. Alimwambia karatasi imetolewa, maabara inapima upya, wao hawana la kusema mpaka jibu lije. Sauti ya upande wa pili ilikuwa fupi. Alipokata simu alituambia kwamba mnunuzi haji leo, na kwamba wiki hii hatachukua mtungi hata mmoja. Kina mama waliondoka mmoja mmoja. Wawili hawakuniaga.

Nilibaki nimekaa. Nikamwambia Habaryar la kazi: nahitaji sampuli mpya, na safari hii nataka nione unavyofukiza.

Alifukiza. Alichukua kijiti kikavu cha mgunga, akakichoma ncha mpaka kikawa kaa, akakiingiza mtungini, akafunga kifuniko, akautikisa. Moshi mzito ukatoka alipofungua. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu, akafuta masizi kwa kitambaa.

"Basi?" nikauliza.

"Hii ni ya Garissa. Ya kwenda Garissa ni mara tatu."

"Kwani kuna nyingine?"

Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka saba nikauliza kwa nini ngamia hana pembe. "Ya hapa nyumbani, ya watoto, mara moja tu. Garissa, tatu. Nairobi ni mbali. Nairobi natia mara sita."

"Na ile uliyonitumia maabara?"

"Ilikuwa inakwenda Nairobi," alisema. "Tena inakwenda kwa watu wa serikali. Nilitia sita, moshi mzito, isiniaibishe."

Ikabidi nicheke, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu jana, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Sisi tuliomba sampuli, tukadhani tumepata maziwa wanayokunywa watu wa Modogashe. Yeye aliona safari, akayaandalia safari. Hakuna fomu yetu hata moja iliyouliza chombo kimefukizwa mara ngapi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na akili ya kujua kwamba moshi unahesabiwa.

Tukaandaa pamoja vyombo vinne: kimoja bila moshi, kimoja cha mara moja, kimoja cha mara tatu, kimoja cha mara sita. Kutoka kila kimoja nilichukua maji ya kusuuzia na maziwa, nikavipanga barafuni. Bashir, aliyekubali kuningoja, alipopiga honi saa sita, Habaryar alinisindikiza mpaka garini. Hakunikumbatia. Aliniwekea mkono kichwani, juu ya nywele, akausahau hapo kidogo.

"Nitaleta jibu, habaryar."

"Leta," alisema.

Ijumaa jioni nilikuwa Nairobi. Njia ya kurudi sina cha kuisimulia, nililala mwanzo hadi mwisho, na Mwingi nilipitishwa nikiwa usingizini.

Kazi ya wiki tatu zilizofuata niliifanya kwa namna ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Kila sampuli iliwekewa vishimo vyake vitupu, bila seli. Baada ya siku moja ya kukaa na maziwa, seli zilisuuzwa mara mbili, ili dawa ya manjano isikutane na moshi wowote. Vishimo vingine niliviua kwa makusudi kwa maji ya moto, nijue kifo kikiwa kifo kweli kinasomeka vipi. Na kwa kuwa sikuiamini tena rangi moja, nikatumia ya pili: rangi ya buluu ambayo seli iliyo hai huikataa mlangoni, na iliyokufa huiacha iingie. Hiyo haisomwi na mashine, inahesabiwa kwa jicho kwenye kioo chenye mistari, moja moja. Nilimwomba mwenzangu afunike majina ya vichupa kwa karatasi, ahesabu yeye na mimi kila mmoja kivyake. Tulirudia kwa siku nne tofauti. Nilimwambia asinionyeshe kipi ni kipi hata nikimwomba, na nilimwomba mara mbili.

Nilichojifunza katika safari hii sikukipata kwenye hadubini. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu hukosea kipimo kwa uvivu au kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa hamu. Nilimtamani mtu, nikaitamani meza yake na alasiri zake, nikaiomba dawa ya manjano inirudishie. Ikanirudishia, kwa kuwa haikuwa na sababu ya kukataa. Siku hizi kabla ya kupima chochote hujiuliza jibu gani litanifurahisha, na hilo ndilo ninalolipima mara mbili.

Tulipofunua majina, nilikaa nayo saa nzima. Kisha nikampigia.

Nilimkumbusha kwanza kwamba seli katika sahani si mtoto, na kwamba tumbo la mtu lina ulinzi ambao sahani haina. Akasema anajua, niseme.

"Isiyo na moshi, seli ni nzima," nikasema. "Ya mara moja, nzima. Hazitofautiani."

"Ya Garissa?"

"Karibu zote nzima."

"Ya mara sita?"

"Zimekufa, habaryar. Nyingi sana."

Nilisikia mbuzi upande wake, na lori likibadilisha gia.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Siku nne. Watu wawili."

"Na ile ambayo haina kitu ndani, uliweka?"

"Niliweka. Kila mara."

Akavuta pumzi. "Basi Nairobi sitatuma tena," alisema. "Mpaka ibatikane barafu. Nitawaambia wenzangu leo, watanikasirikia, si kitu. Na wewe kama unataka maziwa yangu, utakuja kunywa hapa."